Likizo ya baba isiyofika Salama

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa huipita Salama, katika Kaunti ya Makueni, bila kuitia sana maanani. Huona maduka, hoteli ndogo na malori yaliyoegeshwa kando ya barabara kuu. Walakini, wengi wa wanaume washukao katika malori hayo ni akina baba ambao nyumba zao ziko mbali. Je, mke wa mmoja wao ajifunguapo, baba huyo hufika nyumbani siku ya ngapi?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa mwanamume aliyeajiriwa likizo ya wiki mbili kwa mshahara kamili, na mama miezi mitatu. Sheria ya mwaka 1976 haikumpa baba hata siku moja. Mama naye alipewa miezi miwili, na kwa kuichukua aliipoteza likizo yake ya mwaka huo. Hatua iliyopigwa basi si haba. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa baba siku tatu tu, na ya Uganda ya mwaka 2006 siku nne za kazi. Walimu wetu wa shule za umma ndio waliobahatika zaidi: mkataba wao na Tume ya Huduma za Walimu wa mwaka 2021 uliziongeza siku za baba kutoka 14 hadi 21. (Ni walimu wangapi wa kiume wanaozichukua zote pasipo kuchekwa na wenzao? Hilo wanalijua wenyewe.)

Tatizo limo katika neno "aliyeajiriwa". Mwendesha bodaboda, kibarua wa mjengo na fundi wa kuziba magurudumu hawana wa kumwandikia barua ya kuomba likizo. Siku wasiyofanya kazi ni siku wasiyolipwa. Kifungu cha 37 kinamhesabu kibarua aliyefanya kazi mwezi mfululizo kuwa mwajiriwa wa mwezi. Lakini ni kibarua gani atakayemshtaki tajiri wake ilhali mtoto ana siku mbili?

Mambo haya yana asili yake. Enzi za ukoloni, Mwafrika aliyefanya kazi Nairobi alilipwa na kupewa malazi kana kwamba ni kapera. Mkewe na watoto walibaki Ukambani wakilima, naye akawa mgeni katika boma lake mwenyewe. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilipendekeza mshahara uweze kuikimu familia. Kapera huyo wa kubuniwa hajatutoka hadi leo. Amehamia tu katika lori na kwenye pikipiki.

Norway ilitenga wiki nne kwa ajili ya baba pekee mwaka 1993, nao akina baba, ambao awali walikuwa wachache mno katika likizo hiyo, wakaanza kuichukua kwa wingi. Huko fedha hutoka katika bima ya taifa. Hapa kwetu mzigo wote ni wa mwajiri, naye huuepuka kwa kuajiri vibarua. Hazina ya pamoja, itakayomfikia hata asiye na mwajiri, ndiyo inayostahili kujadiliwa Bungeni. Kwa sasa, mwendesha bodaboda humfikisha mkewe kliniki kwa pikipiki ile ile ya kazi, kisha hurudi kituoni kungoja abiria.