Siku Moja Sitahani: Jinsi Wazee Wetu Walivyovuka Bahari

Huku Kiganjo, ambako maji makubwa tuyaonayo ni ya mto Chania, watoto wa madrasa hutuuliza wazee waliotoka Hadhramaut kwa jahazi walikula nini na walilala wapi. Tumeona tujibu kwa urefu kidogo, maana habari hizi zikisimuliwa harusini hupambwa mno.

Shahidi mzuri ni Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia. Mwishoni mwa 1938 alipanda bumu la Kuwait mjini Aden, nahodha wake akiwa Ali bin Nasir al-Najdi. Walipakia abiria zaidi ya 100 katika pwani ya Hadhramaut, wakashuka na kasikazi hadi Mogadishu, Mombasa, Unguja na Rufiji, kisha wakarejea Kuwait mwaka 1939 na shehena ya boriti za mikoko.

Siku ilianza kwa adhana ya alfajiri. Watu walitia udhu kwa maji ya bahari, kwani ni tohara, na maji matamu yaliyomo katika matangi ya mbao yalihifadhiwa kwa kunywa na kupikia. Aliyeogopa kizunguzungu aliswali ameketi, sheria imemruhusu.

Mpishi naye alikuwa kazini mapema. Jiko lake lilikuwa sanduku tu, liko wazi sitahani, na upepo ukizidi lilikuwa mtihani. Asubuhi alioka mikate, baadaye akapika wali, na kitoweo kilikuwa samaki wakipatikana. Watu walizunguka sinia kwa makundi, wakala kwa mkono. Tende hazikukosekana. Choo kilikuwa kijisanduku kilichoning'inizwa nje ya tezi, juu ya mawimbi, na sitara yake ilikuwa ndogo.

Vitanda havikuwepo. Mwanamume alilala juu ya shehena, au popote ubavu wake ulipoenea, jua likimpiga mchana na umande usiku. Wanawake na watoto wachanga walikaa katika chumba cha chini ya tezi. Hapa tunawaomba wenye nyumba wasome taratibu. Chumba kile kilikuwa cha giza na joto, dari yake fupi, harufu ya sifa na ya maji ya ngama haiondoki, na hao ndani wakatapika, wakanyonyesha, wakauguza, siku baada ya siku. Nyimbo za kupandisha foromali zinajulikana na kila mpenda bahari. Za chumba kile hatujapata kuzisikia. Ikiwa bibi yako alikuja kwa chombo, basi huenda alikuja humo, na pengine hakuwahi kulizungumza.

Mabaharia hawakuwa na saa maalumu za kazi. Tanga likitaka kugeuzwa usiku wa manane, wote waliamka. Mchana walishona matanga, wakasokota kamba, wakafua maji. Mshahara wa mwezi haukuwepo. Mapato ya safari yaligawanywa kwa mafungu msimu ulipokwisha, na nahodha mwenyewe mara nyingi alikuwa na deni kwa tajiri. Baharia aliposhuka Kuwait alikatwa kwanza alichokopa kabla ya kuondoka. Kilichobaki, ikiwa kilibaki, ndicho alichopeleka nyumbani.