Kwa nini fedha zinaenda kwa mwalimu na si kwa madawati



Swali lilitoka kwa mama mmoja katika mkutano wa wazazi, nasi siku ile hatukulijibu vizuri. Alisimama akiwa na mtoto mgongoni, akasema: "Ninyi wa mashirika mmepata fedha za shule. Watoto wetu wanakaa chini, hawana daftari, nyumbani tunakula mara moja kwa siku. Na fedha hizo mnazipeleka kumfundisha mwalimu, mtu ambaye alikwisha kusoma. Kwa nini?" Watu wakapiga makofi. Sisi tukajibu kwa maneno ya ofisini, juu ya ubora wa elimu na mambo kama hayo, na mkutano ukaisha watu wakinung'unika.

Makala hii ni jibu ambalo tulipaswa kumpa.

Kukariri siyo kusoma

Ingieni pamoja nasi katika darasa la mwaka wa kwanza, hapa kwetu Kivu ya Kaskazini. Watoto ni 90, pengine 100, kwa sababu watoto wa waliohama wameongezwa juu ya watoto wa wenyeji, na shule inafanya zamu mbili, asubuhi na mchana. Mwalimu anaandika ubaoni: Mama analima shamba. Anagusa kila neno kwa fimbo, na darasa zima linarudia kwa sauti moja. Mzazi anayepita nje anafurahi, anasema watoto wanasoma. Baada ya juma moja kila mtoto anaweza kuisema sentensi hiyo akiwa amefumba macho. Lakini futa neno Mama, andika Baba, halafu mwite mtoto mmoja peke yake. Atasema tena: Mama analima shamba. Ameshika wimbo, hajashika herufi.

Mtoto huyo atapanda mwaka wa pili, wa tatu, hata wa nne. Atanakili ubao kwa mwandiko mzuri, na anachokinakili hatakijua. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba hapa Kongo watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma habari fupi na kuielewa. Katika hesabu hiyo wamo pia wale wasiokwenda shule. Vita vina sehemu yake kubwa, hatubishi. Lakini tumekuta watoto wa namna hiyo hata katika shule ambazo hazijawahi kufungwa siku moja kwa ajili ya risasi.

Tusimlaumu mwalimu haraka. Anafundisha kama alivyofundishwa. Wengi wana diploma ya serikali ya upande wa pedagojia, wengine hawana hata hiyo. Walijifunza kuandaa somo kwenye karatasi, lakini ni wachache walioonyeshwa hatua kwa hatua jinsi mtoto anavyotoka kwenye sauti kwenda kwenye herufi, kutoka kwenye herufi kwenda kwenye silabi, mpaka afike kwenye neno ambalo hajaliona hata mara moja.

Kiswahili cha kitabu na Kiswahili cha nyumbani

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia, na katika mkoa wetu lugha hiyo ni Kiswahili. Wazazi wengi hawaipendi habari hii. Wanatuambia: "Mtoto wangu anajua Kiswahili tayari, nimemtuma shuleni ajue Kifaransa." Tunawaelewa, maana Kifaransa ndicho kinachofungua mlango wa ofisi. Lakini fikirini kazi ya mtoto wa miaka 6. Katika Kiswahili karibu kila herufi ina sauti yake moja. Katika Kifaransa maneno eau na haut yote mawili yanaishia kwa sauti ya o, lakini sauti hiyo haiandikwi kwa herufi zilezile. Mtoto akijua kwanza kusoma kwa lugha anayoisikia, kazi hiyo hairudii tena. Atakapofika kwenye Kifaransa atakuwa anajifunza lugha tu, siyo lugha na kusoma kwa wakati mmoja.

Hapo kuna mtego, na ndipo mafunzo ya mwalimu yanapoonekana. Nyumbani mtoto wa Kivu anasema mutoto, muti, batu. Kitabu kinaandika mtoto, mti, watu. Mwingine nyumbani anasema Kihunde, Kinande, Kinyarwanda au Mashi, na Kiswahili amekisikia kambini tu. Mwalimu asiye na mafunzo, akisikia mtoto anasoma "mutoto", anamkemea na darasa linacheka. Mwalimu aliyefunzwa anajua kwamba mtoto yule amesoma kweli: jicho limeona herufi, akili imetambua neno, mdomo umelisema kama kwao wanavyolisema. Anamsifu kwanza, halafu anamwonyesha kwamba kitabu huandika m bila u. Ni jambo dogo la nusu dakika. Lakini mtoto aliyehama ambaye amechekwa mara tatu kwa ajili ya matamshi yake, mara ya nne haji shuleni, na nyumbani anasema tu kwamba wenyeji hawatupendi. Sisi tunaofanya kazi ya amani tumesikia ugomvi wa wakubwa ulioanzia hapo.

Mwalimu anafundishwa nini hasa

Anafundishwa mambo machache, na anayarudia mpaka yamkae mkononi. Kucheza na sauti kabla ya herufi: maneno gani yanaanza kama "baba"? Kuunganisha silabi, ba na ta, ili mtoto asome "bata" bila kuambiwa. Kuwapa kila siku neno jipya ambalo hawakuliimba jana. Kuuliza baada ya kusoma: nani alilima, alilima nini?

Na lile gumu kuliko yote, kumsikiliza kila mtoto peke yake katika darasa la watoto 96. Walimu hutuambia haiwezekani. Tunafanya hesabu pamoja nao. Juma lina siku 6 za masomo. Watoto 96 kwa siku 6 ni watoto 16 kwa siku. Nusu dakika kwa kila mmoja ni dakika 8, wakati wengine wanasoma wawili wawili katika kitabu kimoja. Mwisho wa juma mwalimu amesikia kila sauti, na anajua ni nani anayeimba na ni nani anayesoma. Mwalimu wa miaka mingi alituambia kwamba alishangaa kumkuta mtoto wake mwenyewe, aliyekuwa darasani mwake, kati ya wale wanaoimba.

Kosa letu la kwanza

Haya hatukuyajua tangu mwanzo. Mafunzo yetu ya kwanza tuliyafanya katika ukumbi mjini, siku 3, walimu 60, kwa Kifaransa. Kulikuwa na bendera ya kitambaa ukutani, na picha ya pamoja mwishoni. Kila mmoja alipata posho yake na cheti. Tulipotembelea shule miezi miwili baadaye, vyeti vilikuwa ukutani na fimbo ilikuwa ubaoni kama zamani. Baadhi ya waliohudhuria hawakuwa hata walimu wa mwaka wa kwanza. Walitumwa kwa sababu ilikuwa zamu yao ya kupata posho.

Walimu 60 kwa siku 3 ni siku 180 za kulipia. Walimu 15 kwa siku 12 zilizogawanywa katika mwaka mzima ni siku 180 vilevile. Sasa tunafanya hivyo. Wachache, wa darasa la chini tu, karibu na shule yao, na kati ya siku hizo kuna mtu anayekwenda kukaa nyuma ya darasa, anamwangalia mwalimu akifundisha, kisha wanazungumza wawili chini ya mti. Safari za mtu huyo zinagharimu, pikipiki inakula mafuta, na wafadhili huuliza kwa nini fungu la usafiri ni kubwa. Sisi tunaona kwamba hilo ndilo fungu la kutetea kuliko yote.

Hatutaki kuwadanganya juu ya matunda. Katika miaka ya 2010 shirika la IRC, kwa fedha za Marekani, lilifundisha walimu wa shule za msingi mashariki mwa inchi, na katika Katanga ya wakati ule watafiti wa chuo kikuu cha New York walilinganisha shule zilizochaguliwa kwa kura kuanza kwanza na zile zilizongoja. Walimu walikutana kwa vikundi katika shule zao ili kusaidiana. Baada ya mwaka mmoja watoto walisema walimu wao wanawajali zaidi. Katika kusoma kulikuwa na maendeleo, lakini madogo. Anayewaahidi kwamba mtoto atasoma vizuri baada ya semina moja, mwulizeni mara mbili.

Sasa, madawati

Mama alikuwa na haki. Mtoto anayekaa chini anaandika vibaya, na mwenye njaa hasikii. Chakula kina mashirika mengine, na mara nyingi hakitoshi. Lakini juu ya madawati, wengi wenu mnajua kilichotokea shuleni kwenu. Jamaa zilipokimbilia madarasani usiku, au wenye silaha walipolala humo, madawati yalipasuliwa yakawa kuni. Hatumlaumu aliyempikia mtoto wake kwa mbao hizo. Lakini dawati halikimbii. Mwalimu akikimbia, anakimbia na kile alichojifunza, na huko anakofika anaweza kukianza tena hata chini ya hema, akiwa na chaki na ubao uliopakwa rangi nyeusi.

Tena fedha zenyewe zimepungua. Masomo ya msingi ya bure, yaliyoandikwa katika Katiba ya 2006, yalianza kutumika Septemba 2019. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kusaidia jambo hilo, na sehemu kubwa ilikusudiwa kwa mishahara ya walimu. Ni sawa, maana mwalimu asiyelipwa hafundishiki. Kazi ya kufundisha kusoma kwa lugha za taifa ilibebwa zaidi na miradi kama ACCELERE!, iliyoanza mwaka 2015 kwa fedha za Marekani na Uingereza. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake na shirika la USAID likafungwa. Kilichobaki mikononi mwa mashirika madogo kama letu ni fungu ambalo haliwezi kujenga shule, wala kununua madawati ya shule tatu. Linaweza kufuata walimu 15 kwa mwaka. Walimu hao wana watoto zaidi ya 1000 mbele yao.

Mwalimu aliyehama hayumo katika orodha

Neno la mwisho ni kwa viongozi, na hapa tunahitaji msaada wenu. Mwanzoni mwa 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa, jamaa nyingi zikarudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, nyingine zikabaki kwa ndugu. Kati yao kuna walimu. Mshahara wa mwalimu umefungwa na shule yake, katika orodha ya ofisi tuliyoizoea kwa jina la SECOPE. Akihama, shule inayompokea haina nafasi yake. Wengine ni N.U., walifundisha miaka bila kuingizwa kwenye malipo, na kwao ni kama hawakufundisha kamwe. Basi wanauza makaa au kubeba mizigo, wakati darasa la watoto 100 liko mita mia mbili na nyumba wanamolala.

Hilo pia linaleta maneno. Waliohama wanasema fedha zilizoletwa kwa jina lao zinafundisha walimu wa wenyeji. Wenyeji wanasema walimu wageni wanakuja kuchukua nafasi zao. Sisi tumechagua kuweka pande zote mbili katika kikundi kimoja cha mafunzo. Mshahara hatuwezi kumpa mtu, na tunalisema siku ya kwanza. Lakini mwalimu aliyehama anaweza kushika kundi la watoto wasiojua kusoma katika zamu ya mchana, direkta wa shule akikubali, na komite ya wazazi ikijua ni nani na kwa nini.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kwa masomo Septemba, kila kiongozi wa kartie au wa kundi la waliorudi atuandalie majina ya walimu walio kwake. Tunahitaji jina, shule aliyotoka, darasa alilofundisha na namba yake ya SECOPE kama anayo. Barua ya kupangwa kazini ikiwa imeungua au imepotea, wawili waliofundisha naye wanaweza kumshuhudia mbele ya direkta. Wanawake waandikwe pia, maana katika orodha ya mwaka uliopita walikuwa wachache mno, na tunajua sivyo ilivyo. Tutapita kuchukua orodha hizo wenyewe. Asiwepo anayetozwa hata franka moja kwa kuandikwa, na akitozwa, atuambie ni nani.