Uainishaji wa Miamba na Istilahi Zake: Mfano wa Goma

1.0 Utangulizi

Katika mji wa Goma, makao makuu ya Jimbo la Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jiwe jeusi huonekana kila mahali: katika misingi ya nyumba, katika kuta za nyua na katika kokoto za barabarani. Kwa mjenzi, hilo ni jiwe la kujengea tu. Kwa mtaalamu wa jiolojia, ni ushahidi wa jinsi ardhi ya mji huo ilivyoumbika na ya hatari inayoukabili. Makala haya yanaeleza jinsi miamba inavyotokea na inavyoainishwa. Aidha, yanaonyesha kwamba kigezo kikuu cha uainishaji huo ni asili ya mwamba, wala si ukubwa au rangi yake.

2.0 Lugha ya kila siku na lugha ya sayansi

Kiswahili cha kila siku kina uainishaji wake wa vitu hivi, na msingi wake ni ukubwa. Mwamba ni mkubwa na haubebeki, jiwe hubebeka, kokoto hujaa kiganjani, changarawe ni ndogo zaidi, mchanga ni chembechembe. Kwa wavuvi wa pwani, neno mwamba hutaja hasa ule ulio baharini. Mfumo huu unatosha kwa mjenzi na kwa baharia.

Jiolojia hutumia neno mwamba kwa maana pana zaidi: mkusanyiko wa asili wa madini ya aina moja au zaidi. Kokoto iliyovunjwa kwa nyundo huko Goma na mtiririko wa lava ilikotoka ni mwamba wa aina moja. Kinyume chake, mawe mawili yaliyolingana kwa rangi na uzito huweza kuwa ya makundi tofauti kabisa.

3.0 Makundi makuu matatu

3.1 Miamba moto

Miamba moto hutokana na kupoa na kuganda kwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Magma inapotoka nje huitwa lava. Kundi hili hugawanywa kwa vigezo viwili. Cha kwanza ni mahali pa kupoa. Magma iliyopoa polepole chini ya ardhi hupata muda wa kujenga fuwele kubwa zinazoonekana kwa macho, kama ilivyo katika itale. Lava hupoa upesi juu ya ardhi, hivyo fuwele zake ni ndogo mno. Nayo gesi inayoponyoka huacha matundu, kama yanavyoonekana katika mawe ya Goma.

Kigezo cha pili ni kemia, hususan kiasi cha silika. Itale aghalabu huwa na silika ya takriban asilimia 70, na basalti huwa na takriban asilimia 50. Magharibi ya Goma, katika milima ya Masisi, kuna pia pegmatiti, mwamba wenye fuwele kubwa sana unaotokana na masalio ya magma ya itale. Koltani inayochimbwa Rubaya inatokana na mwamba huo.

3.2 Miamba mashapo

Miamba mashapo, ambayo baadhi ya vitabu huiita miamba tabaka, hutokana na vipande vya miamba mingine, au mabaki ya viumbe, au chumvi zilizotengana na maji. Vitu hivyo hujilimbikiza tabaka juu ya tabaka, hugandamizwa, kisha hushikamana. Huko Ishango, Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mashapo yalihifadhi mfupa wenye alama za kuchanjwa ambao Jean de Heinzelin aliufukua mwaka 1950, na ambao umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mfano unaofahamika zaidi ni jiwe la matumbawe, lililojenga Ngome ya Yesu ya Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar.

3.3 Miamba geu

Miamba geu ni ile iliyobadilishwa na joto na mgandamizo bila kuyeyuka. Jiwe la chokaa hugeuka marumaru, jiwe la mchanga hugeuka kwatzaiti, na tope lililoganda huweza hatimaye kuwa shisti. Kwatzaiti na shisti hupatikana katika milima iliyo magharibi ya Ziwa Kivu, na nyingi zina umri unaozidi miaka milioni 1,000. Kwa hiyo, safari fupi kutoka Goma kwenda milimani huvuka tofauti kubwa ya umri: kutoka mwamba ulioganda mwaka 2021 hadi mwamba uliotangulia kuwapo kwa wanyama duniani.

Makundi haya hayakutengwa na ukuta. Mvua humomonyoa lava ya milima ya Virunga, mito huipeleka ziwani ikiwa mchanga na tope, na mashapo hayo huweza siku moja kugeuzwa au kuyeyuka upya.

4.0 Lava ya Nyiragongo

Umuhimu wa kigezo cha kemia hudhihirika katika mlima Nyiragongo, wenye kimo cha takriban mita 3,470, ulio kaskazini mwa mji. Lava yake ni adimu duniani: silika yake ni takriban asilimia 40 au pungufu, na ina madini ya nefelini. Silika ndiyo hasa huifanya lava iwe nzito kutiririka. Ikipungua, lava hutiririka kwa wepesi. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika kupitia nyufa, na kasi ya mtiririko katika miteremko ilikadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa. Watu wengi walifariki. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka kuelekea mjini. Lava ilifunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Wakazi walijenga upya juu ya lava hiyo hiyo. Mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ulisimama Buhene, kwenye kingo za mji.

5.0 Istilahi na usalama wa umma

Siku tano baada ya mlipuko wa 2021, wakuu wa jimbo waliamuru sehemu ya Goma ihamwe. Lava ilikuwa imekwisha kusimama. Sababu iliyotolewa ni kwamba kulikuwa na magma chini ya mji na ziwa. Kwa asiyetofautisha istilahi hizi mbili, agizo hilo huonekana halina maana: moto umezimika, watu wakimbie nini? Kwa anayezitofautisha, hoja iko wazi. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka.

Kiswahili hakikosi uwezo katika uwanja huu. Neno mazuku, linalotumika Goma kwa gesi ya kaboni dayoksidi ijikusanyayo mabondeni na kuua watu na mifugo, limeingia katika maandishi ya wanavolkano wa dunia nzima bila kutafsiriwa. Limeenea kwa kuwa lilitaja kwa usahihi jambo ambalo wenyeji walilijua kwanza.

6.0 Hitimisho

Miamba moto, miamba mashapo na miamba geu ni majina ya njia tatu ambazo kwazo mwamba huzaliwa. Wanaosanifu istilahi wanapaswa kulinda uwazi huo, ili jina litaje asili, na wanafunzi wa lugha washirikiane na wale wa jiolojia katika kazi hiyo. Huko Goma, mkazi anayejua jiwe la ukuta wake lilitoka wapi na lilifikaje anajua pia kwamba jingine laweza kufuata njia hiyo hiyo.