Kungoja haina kazi

Ndugu na dada tuliomaliza masomo, na ninyi ambao mungali kwenye oditoriamu, leo ninaandika juu ya kitu tunachoongea kila mangaribi mbele ya nyumba lakini hatukiandike: kutafuta kazi, kuikosa, kuipata, kuipoteza, kisha kugeuza njia. Nitawaambia vile ilinipitia mimi, na pia vile nimeelewa mambo yenyewe yanavyotembea hapa kwetu.

Niko na miaka 28, na lisansi ya agronomia. Nimezaliwa Kamalondo, si mbali na stade ya TP Mazembe. Siku ya mchezo, wauzishaji wa maji na karanga wanapita mbele ya mlango wetu tangu asubuhi. Miaka 2 baada ya diploma, nilikuwa nawaangalia na kujiambia: hawa wote wanatumika, na mimi enjenieri nimekaa. Majirani waliniita vile, "enjenieri". Mwanzo ilikuwa heshima. Kisha sauti ikabadilika kidogo, mutu unasikia.

Nilikuwa na kitabu kidogo ambamo niliandika kila mukanda wa kuomba kazi: tarehe, kampuni, jibu. Mikanda 41. Majibu 3. Mawili yalisema hapana. La tatu liliniita kwenye mtihani, tukakutana watu zaidi ya 100 kwa nafasi 2. Kila mukanda ulikuwa na bei yake: fotokopi, picha, taksi, siku moja. Hakuna mtu anayehesabu makuta ya kutafuta kazi, lakini yanatoka, na mara nyingi yanatoka kwa mama.

Mama anauzisha bunga ya mahindi kwenye soko ya komini ya Kenya, jirani na sisi. Siku moja mutu alimwambia kama iko nafasi kwenye kampuni fulani, mtoto wake anaweza kuingia bila mtihani, paka atoe madesu ya bana: dolari 150. Mama alikuwa nazo. Zilikuwa makuta ya mdogo wangu, juu mwaka ule alipaswa kufanya Ekzame ya Leta. Mama aliniuliza, na mimi nilikubali. Sitasema kwamba walinilazimisha. Mutu yule alipokea, simu yake ikafa wiki ile ile, na mdogo wangu hakuandika mtihani. Alirudi kukaa mwaka mzima. Mpaka leo hajanisema hata neno moja, na mimi ningependa aniseme.

Kwenye parcelle ya jirani anakaa papa mmoja aliyetumika Gécamines. Asubuhi moja aliniona natoka na shati ya pasi.

"We mwana, kila siku unapita hapa. Unaenda wapi?"

"Niko natafuta kazi, papa."

"Beko banakuita?"

"Bado."

"Njo vile na siye. Tulingoja batuite."

Alinieleza. Wengi wetu tunajua historia hii kwa juu juu tu, basi niiweke vizuri. Gécamines ilizaliwa kutoka Union Minière, iliyoanzishwa 1906 na kuchukuliwa na serikali 1967. Wafanyakazi walipata mshahara, bunga, nyumba, hospitali, masomo ya watoto. Watu walisema kampuni ni baba na mama. Mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Kisha mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaanguka, vyombo vikazeeka, nchi ikayumba, na miaka michache baadaye haikufikisha hata tani 50,000 kwa mwaka. Mwaka 2003 ikaja Operesheni ya Kuondoka kwa Hiari, kwa makuta ya Benki ya Dunia. Zaidi ya watu 10,000 waliondoka. Wengi walikuwa na miezi na miezi bila mshahara, kwa hiyo hiari yenyewe ilikuwa kidogo.

"Bengine balinunua taksi, bengine balifungua ka-magazini," papa alisema. "Bengi ilibafia. Lakini mi sikujaribu hata. Nilisema Gécamines haiwezi kufa, batatuita tena. Nilingoja miaka kumi. Mwana, kungoja haina kazi."

Sikupenda lile neno. Nilikwenda zangu. Lakini jioni nilifungua kitabu changu na mikanda 41, na nikaona kama mimi pia nilikuwa nimeandika paka kungoja.

Sasa tuongee vile kazi inapatikana hapa Lubumbashi, juu nilichelewa kuelewa. Kampuni kubwa za migodi hazifanyi kila kitu zenyewe. Usafiri, chakula, usafi, kujenga, kutengeneza mashini, wanatoa kwa kampuni ndogo. Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017, kazi hizo zimewekewa kampuni zenye mtaji ambao sehemu kubwa ni ya Wakongomani. Kampuni ndogo inapata soko la miezi fulani, na inatakiwa kuanza haraka. Mkubwa wake hana muda wa kubandika tangazo na kusoma mikanda 600. Anauliza walio karibu: nani anajua mutu wa kweli? Anayejulikana njo anaingia.

Sisi tunaona vile na tunasema: "Ni paka kujuana." Kweli, upendeleo iko na rushwa iko, nimezilipa. Lakini vitu viwili hivi havifanani: kununua nafasi, na kujulikana kwa kazi. Anayekuomba makuta hajui kazi yako na haimuhusu. Anayekuita kwa sababu ya kazi amekwisha kuiona kwa macho. Mutu aliyefungwa ndani na kompyuta anaandika mikanda, hakuna anayeona kitu chochote.

Kwa hiyo nilianza na kitu kidogo sana. Nilikwenda sokoni na mama, nikamfungulia daftari: mifuko iliyoingia, iliyotoka, deni la nani, bei ya kila wiki. Baada ya mwezi mama alijua kwa mara ya kwanza ni siku gani anapoteza. Wamama wengine wa mstari ule wakaniita, kila Jumanne nikapitia madaftari yao kwa falanga kidogo. Sikuwa agronomi pale, nilikuwa karani wa soko. Nilificha uso wangu kama mwenzangu wa fakulte alipita.

Ndugu ya mama mmoja alikuwa anasimamia depo ya kampuni ndogo moja. Aliona daftari la dada yake. Alihitaji mutu wa kuhesabu vyombo, ndani ya siku 3. Nilitumika pale miezi 11. Mshahara wa kwanza ulinunua kiloba ya bunga, na ukalipa Ekzame ya Leta ya mdogo wangu.

Niseme kidogo juu ya sheria, juu wengi tunaweka sinyatire bila kusoma. Kodi ya Kazi ni sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002. Mkataba wa muda hauwezi kupita miaka 2. Wakati wa kujaribiwa unapaswa kuandikwa; kwa mutu mwenye ujuzi hauwezi kupita miezi 6, na kwa manevri asiye na ujuzi maalumu ni mwezi 1. Mkataba ambao haukuandikwa unahesabiwa kuwa hauna mwisho, mpaka mwajiri alete ushahidi mwingine. Na kwa wale wanaoitwa siku kwa siku: ukimaliza siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, wakikuchukua tena kabla ya miezi hiyo 2 kwisha, unahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Andika siku zako. Wekeni picha ya kila karatasi kwenye simu. Ukienda kwa Inspeksheni ya Kazi na mikono mitupu, hawataweza kukusaidia sana.

Kwangu mimi sheria haikuvunjwa. Soko la kampuni lilikwisha, na Ijumaa moja tukatoka watu 37. Mkubwa alitushukuru, akasema akipata soko lingine atatuita. Nilirudi nyumbani na lile neno, "atatuita". Wiki 2 nililala na simu kando ya sikio. Kisha nikamuona papa jirani amekaa kwenye kiti chake, na nikasimama.

Nilijiuliza swali ambalo ningependa kila mmoja ajiulize: si "nina diploma gani?", lakini "mikono yangu inajua nini leo?" Jibu lilikuwa refu kuliko nilivyofikiri. Najua mahindi na udongo. Najua kuhesabu depo. Najua wamama wa soko, na wao wananijua. Na najua kama watu wengi wa mitaa yetu wanafuga kuku na wanapoteza.

Wanapotezea wapi? Kwenye chakula. Kuku wa nyama anauzwa karibu wiki 6, akiwa na kilo 2 hivi, na mpaka pale amekula kilo 4 hivi. Kuku 100 ni kilo 400. Chakula peke yake kinaweza kubeba sehemu 2 kwa 3 za makuta yote unayotoa. Mutu akimpa kuku mahindi na pumba tu, kuku anakula sana na hakui, juu protini haitoshi; inatakiwa soya, samaki wa kusaga, na madini. Na mahindi yakiwekwa yangali na maji, zaidi ya sehemu 13 kwa 100, yanaota ukungu na sumu yake inamaliza kuku. Hii yote nilifundishwa mwaka wa pili. Nilipata alama nzuri na nikasahau.

Leo ninachanganya chakula cha kuku kwa wafugaji 23. Mahindi yanapita kwa mama. Fishi za depo ninazotumia ni zile zile nilizojifunza kwenye miezi 11. Mwezi muzuri inabakia dolari 180, mwezi mubaya 60. Mvua ya Januari iliniharibia mifuko 6, kwa kosa langu. Kwa hiyo msisome hapa kama nimefaulu. Ninatumika, ni hivyo tu.

Na sisemi kila mutu afuge kuku. Waagronomi wenzangu, angalieni pembeni ya mlango tuliozoea. Kodi ya Migodi iliyorekebishwa 2018 inataka kampuni ya migodi itoe angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka. Kilimo kinaingia mule, na wanahitaji watu wanaojua kuongea na mulimaji. Na ardhi iliyoharibiwa je? Kule Penga Penga, moshi wa kiwanda kilichowashwa 1911 uliacha udongo wenye shaba nyingi ambapo majani hayakuota. Watafiti wa fakulte ya agronomia ya UNILU walijaribu kupanda kajani kadogo kanakovumilia shaba, ili kafunike udongo na vumbi isiruke. Hii ni agronomia pia, hata kama hakuna mahindi.

Anayetaka kugeuza kabisa, INPP iko tangu 1964 kwa ajili ya kufundisha ufundi: umeme, kuchomelea, mekanika. Kuwa na lisansi kisha kujifunza kuchomelea si kurudi nyuma. ONEM nayo, jiandikishe upate karata ya mutafuta kazi. Haitakuletea kazi mlangoni, lakini makampuni mengine wanaiomba, na utaikosa siku ile ile unayoihitaji.

Mwisho, kitabu changu kidogo kingali. Nimeongeza mistari. Zamani kilikuwa na tarehe, kampuni, jibu. Sasa kuna mstari mwingine: "Wiki hii nani ameona kazi yangu?" Wiki ambayo mstari ule ni mutupu, najua kama nimerudi kungoja, hata kama nimetuma mikanda 10.

Mdogo wangu ameingia oditoriamu mwaka huu. Juzi aliniuliza ni fakulte gani inaleta kazi. Nilimwambia hakuna. Nilimwambia asome anachokipenda, lakini kuanzia likizo ya kwanza atafute pahali pa kutumika, hata pa bure, hata pa kufagia, paka watu wamwone. Na kama mutu yeyote anamuomba makuta juu ya nafasi, aje aniulize mimi kwanza. Ile naijua bei yake.