Nyumba ya Marehemu na Aliyebaki Ndani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye orodha ya warithi. Leo tunaingia panapouma: nyumba ni ya wote, ila mmoja wao ndiye anayelala ndani. Hapa Saio, kartie ya Bunia, jambo hili limejaa avenii baada ya avenii, na si kwa uzembe wa familia. Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka Bunia, mji uligeuka uwanja wa vita, watu wakakimbilia Beni, Kisangani, hata ng'ambo ya Ziwa Albert. Katika familia nyingi alibaki mmoja, au alirudi mmoja kabla ya wenzake, ili parseli isije ikachukuliwa. Halafu tangu mwisho wa 2017 machafuko ya Djugu yameleta jamaa wengine mjini, nao wamefikia katika nyumba hizohizo. Miaka imekwenda. Aliyeambiwa “utuangalizie nyumba” sasa analea wajukuu humo.

Mzee anapofariki, ndugu walio mbali hupiga simu, na mara nyingi neno lao la kwanza ni “atoke”. Hapo wamekwisha kuharibu. Kabla ya kutoka au kubaki kuna swali moja: huyu anakaa humo kwa haki gani? Mjane, mtoto, baba mdogo na mpangaji wanaweza kulala chini ya bati moja, lakini mbele ya sheria kila mmoja ana hali yake.

Akiwa ni mjane, mazungumzo ya kumtoa hayana hata pa kuanzia. Sheria ya Familia, yaani ile ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuitumia nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja na vyombo vyake. Soma kifungu cha 785. Warithi ndio wenye mali ya marehemu, yeye ni mwenye kuitumia. Nyumba hiyo ikipangishwa kwa mtu wa nje, kodi hugawanywa nusu kwa nusu kati yake na watoto wa marehemu. Akiolewa tena huku watoto wapo, haki hiyo inakoma. Kuna jambo ambalo akina mama wengi wanaligundua msiba ukiwa umeshaingia: ndoa inatakiwa iwe imeandikishwa. Mama aliyelipiwa mahari na kubarikiwa kanisani, lakini jina lake halimo kwenye kitabu cha eta sivil, atapata taabu mbele ya hakimu hata kama avenii nzima ilikula wali wa harusi yake.

Wanaomsumbua mjane mara nyingi si watoto wake. Ni baba wadogo na shangazi, wanaokuja na kauli kwamba nyumba ya kaka ni ya ukoo. Mila ina heshima yake, lakini hesabu ya sheria ni nyingine kabisa, na afadhali kila mtu aione kwa namba.

Tuseme mume na mke walinunua parseli wakiwa katika ndoa, wakajenga, mume akafa, na nyumba ina thamani ya dola 24,000. Kama hawakuchagua mfumo wowote wa mali siku ya ndoa, sheria huchukulia kwamba mali waliyoipata pamoja ni ya wote wawili. Kwa hiyo dola 12,000 hazimo katika urithi hata kidogo, maana zilikuwa za mama tangu mwanzo. Urithi ni zile 12,000 nyingine. Robo tatu, yaani 9,000, ni za watoto, sawa kwa sawa: wa kike kama wa kiume, wa ndani ya ndoa kama wa nje ambaye baba alimtambua akiwa hai. Robo iliyobaki, 3,000, inagawanywa mafungu matatu: mjane 1,000, baba na mama wa marehemu 1,000, ndugu zake wote kwa pamoja 1,000. Wazazi wakiwa wamekwisha kufa, fungu lao halirukii kwa baba wadogo. Linarudi kwa watoto. Mambo yangekuwa tofauti kama parseli hiyo marehemu naye aliirithi kwa baba yake, kwa sababu hapo si mali ya ndoa. Lakini katika mfano wetu, baba wadogo watano wanaokuja na mkeka na sufuria wanapigania dola mia mbili kila mmoja.

Sasa tuje kwa yule niliyeanza naye, aliyebaki kulinda. Hapa sheria ni fupi na maisha ni marefu. Kulinda hakuzai umilki. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni wa Serikali. Raia hupewa konsesio, na ushahidi wake ni sertifika ya uandikishaji iliyotolewa na konservateri, katika ofisi ambayo watu huiita kadastre tu. Jina lililomo kwenye sertifika haligeuki kwa sababu mtu mwingine amefagia uwanja miaka ishirini. Karatasi ya shefu wa kartie inayosema fulani “anakaa hapa” inathibitisha hilo tu, kwamba anakaa hapo.

Lakini kutokuwa mmiliki si kutokuwa na haki ya kudai. Nimewahi kuonyeshwa daftari la shule, jalada limekwisha kung'oka, ambamo dada mmoja aliandika kwa bik kila alichoingiza katika nyumba ya wazazi: bati za upande wa jikoni, misumari, mifuko ya simenti, fundi, choo kipya baada ya kile cha zamani kutitia, kodi ya parseli. Risiti amezibana kwa pini. Nilikuwapo simu ya kaka yake mkubwa ilipoingia kutoka Kampala.

“Dada, umekaa bure miaka yote hiyo.”

“Bure, kaka? Zile bati alinunua nani? Na usiku wa risasi, nani alilala humu?”

Kaka akanyamaza, kisha akauliza kuhusu vyumba viwili vya nyuma ambavyo wanafunzi wa chuo wanapanga. Swali lake nalo lilikuwa la haki. Dada akifunua daftari la matumizi, afunue na la kodi aliyopokea. Hesabu ya namna hii huwekwa pande mbili: alichotumia kuiokoa nyumba, na alichopata kutokana nayo. Kinachobaki ni deni la urithi kwake, au lake kwa urithi, na hulipwa kabla ya kugawana. Kuhusu kodi ya kukaa kwake mwenyewe, maoni yangu ni kwamba ndugu wasimdai kitu kwa miaka ya vita. Nani angekubali kuhamia humo wakati huo, hata kwa kulipwa?

Hesabu ikieleweka, njia si nyingi. Aliye ndani anunue mafungu ya wenzake, hata kwa awamu, kwa mkataba ulioandikwa na kupitia kwa notere. Au nyumba iuzwe na apewe muda unaotajwa kwa tarehe, si “utatafuta polepole”. Kuikata parseli vipande ndiyo njia inayopendwa na ndiyo mbaya kuliko zote pale kiwanja kinapokuwa kidogo: mmoja anabaki na kisima, mwingine na choo, na kesi inahamia kwa wajukuu.

Upande wa karatasi, anza na hati ya kifo. Wengi waliokufa 2003 hawakuandikishwa popote. Familia huomba hukumu ya kufidia hati hiyo kortini. Kisha likidateri, yaani msimamizi wa urithi. Sheria inamtaja mkubwa wa warithi kwa umri, au, huyo akijitoa, yule wanayemchagua wao. Watu husahau hayo maneno ya mwisho. Kama mkubwa yuko Kampala na hajui hata bati zimetoboka wapi, hakuna kinachozuia kumchagua dada mwenye daftari, mradi wote watie saini kwenye prosevabali ya kikao na korti imthibitishe. Mkishindwa kuelewana, mlango wa kesi za urithi ni Tribunal de paix. Utawala wa kijeshi uliowekwa Ituri Mei 2021 ulipeleka mashtaka ya jinai kwa mahakimu wa kijeshi. Kesi za urithi hazikuguswa. Jina kwenye sertifika hubadilishwa mwishoni, mkiwa na karatasi za korti mkononi.

Aliye ndani naye aitwe kikaoni na atie saini kama wengine, hata pale ambapo si mrithi. Prosevabali iliyoandikwa nyuma ya mgongo wake itamrudisha kortini, na mwanasheria wake atauliza swali moja tu: alikuwapo?

Juma lijalo: mrithi aliyeuza nyumba peke yake, na mnunuzi ambaye amekwisha kupandisha ukuta.