Moyo Uliotuliwa Mzigo

Mwezi wa Juni mwaka 1970, wanaanga wawili wa Kisovieti, Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov, walirejea ardhini katika chombo Soyuz 9 baada ya kuizunguka dunia kwa muda wa siku 18 hivi, na ijapokuwa waliondoka wakiwa wanaume wa siha timamu, hawakuweza kusimama bila ya kushikiliwa, na ikawachukua siku kadhaa kuzoea tena kwenda kwa miguu yao.

Wengi hudhani kwamba huko juu ardhi haivuti, ilhali katika kimo cha kilomita 400 mvuto wake hubaki karibu sehemu tisa katika kumi. Ila chombo na waliomo huanguka pamoja daima wakiizunguka dunia, hata kusiwe na kitu kinachokilemea kingine. Sisi tulio chini, kila tuinukapo kitandani, damu hutaka kuteremkia miguuni, na moyo, ukisha kupata habari kutoka katika mishipa ya shingo, huongeza mapigo, na mishipa ya miguu hujikaza, kabla hatujawahi kuona kizunguzungu. Asiye na uzito hana haja ya taabu hiyo: maji yanayokisiwa kufika lita 2 huiacha miguu yakapanda kifuani na kichwani, uso ukavimba, pua zikaziba, miguu ikakonda mfano wa miguu ya korongo, nao mwili, ukidhani umejaa kupita kiasi, hupunguza maji ya damu kwa sehemu ya kumi au zaidi katika siku chache za mwanzo.

Matabibu walikuwa na yakini kwamba damu ikikusanyika kifuani, shinikizo katika mshipa mkuu uingiao moyoni halina budi kupanda. Mwaka 1991 mwanaanga mmoja alirushwa ndani ya chombo cha angani Columbia akiwa na mpira mwembamba uliopitishwa mshipani hadi karibu na moyo, na kipimo kikaonyesha kinyume: shinikizo lilishuka, ilhali moyo wenyewe umejaa zaidi. Fumbo hili, ambalo mimi huliona tamu kuliko yote ya elimu ya mwili angani, hufumbuliwa na kifua, ambacho kikiisha kutuliwa uzito wake hutanuka, na ule mbano uliouzunguka moyo ukalegea kuliko lilivyopungua shinikizo la ndani, hata vyumba vyake vikafunguka kwa wepesi.

Mwanaanga Scott Kelly, aliyekaa angani siku 340 tangu 2015 hadi 2016, alipungukiwa na zaidi ya robo ya uzito wa chumba kikuu cha kushoto cha moyo wake, juu ya mazoezi ya takriban kila siku, na hata hivyo moyo ule haukuacha kazi yake. Kuuita upungufu huo maradhi ni kuudhulumu moyo. Umeitii hali uliyowekwa, na kosa lake, kama lipo, ni kutokuwa na habari ya safari ya kurudi. Ndiyo maana, saa chache kabla ya kuteremka, wanaanga hunywa maji pamoja na vidonge vya chumvi, na kuvaa nguo zinazobana miguu na tumbo, ili damu isiwakimbilie nyayoni.