Tazama Daftari Kabla ya Kondoo

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu akisema anataka kufuga kondoo, msimamizi aanze na kalenda. Kondoo hubeba mimba siku 147 hivi, ilhali muhula wa kwanza ni wiki 13 au 14. Ukiruhusu mradi wa kuzalisha katika shule ya bweni, huenda kondoo akazaa wakati mwenye mradi yuko nyumbani, na dang'a, ambayo mwanakondoo anapaswa kuinywa ndani ya saa chache za mwanzo, isimamiwe na mlinzi wa lango. Kwa Kanyakine na Imenti Kusini kwa jumla, naona heri kuanza na wanakondoo wawili walioachishwa kunyonya, wakuzwe na kupimwa hadi wauzwe. Wawili, kwa sababu kondoo wa peke yake hushinda akilia badala ya kula.

Mradi huu unafaa klabu ya wakulima vijana au boma la nyumbani. Mradi wa karatasi ya tatu ya Kilimo katika KCSE, 443/3, hufuata maelekezo ya KNEC ya mwaka huo, na kama yametaja mmea, kondoo hata awe mnono vipi hataleta alama.

Adui mkubwa huku kwenye miteremko ya Mlima Kenya ni minyoo. Mvua ni nyingi na ardhi ni finyu kati ya kahawa, chai na migomba, kwa hiyo kondoo hufungwa kamba palepale kando ya njia kila siku. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, viluwiluwi hupanda kwenye nyasi zenye umande, naye kondoo huwala tena asubuhi. Mnyoo hatari zaidi, Haemonchus contortus, hukaa tumboni akifyonza damu: minyoo 1,000 huweza kumtoa kondoo mililita 50 hivi kwa siku. Kondoo huyo huenda asiharishe hata kidogo, ndiyo maana mwanafunzi atakwambia, "Mwalimu, anakula vizuri tu."

Mwambie amshike kondoo kichwa na kulivuta kope la chini kwa kidole gumba. Utando wa ndani ukiwa mwekundu, sawa. Ukiwa umefifia kama karatasi, damu imekwisha. Wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano kwa kazi hii, FAMACHA, kuanzia 1 nyekundu hadi 5 nyeupe. Anayefikia 4 au 5 hunyweshwa dawa. Kwa mwanakondoo sisubiri, hata 3 inatosha. Kipimo cha dawa kifuate uzito wa mizani, maana dawa pungufu huwaacha hai minyoo sugu. Na kabla ya kununua, kumbuka kwamba Dorper huvutia macho na mnunuzi, lakini Kondoo Mwekundu wa Kimaasai huistahimili Haemonchus kuliko yeye. Chotara wa hao wawili ni chaguo la busara.

Jambo moja huua kimyakimya: chumvi na vyakula vya madukani vilivyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Vingi vina shaba ambayo ng'ombe huimudu, lakini kwa kondoo hujikusanya kwenye ini hadi siku moja anakojoa mkojo mwekundu na kufa. Agroveti wakikosa chumvi ya kondoo, usikubali "hii pia inafaa".

Sasa daftari. Uzito upimwe siku ileile ya wiki, asubuhi kabla ya malisho, kwa mizani ileile ya kuning'iniza. Tumbo lililojaa nyasi za nepia na maji linaweza kuongeza kilo kadhaa za uongo. Ninapokagua, natafuta wiki mbaya. Uzito unaopanda kilo moja kila Jumatatu, kwa wino mmoja, umeandikwa jana usiku. Aliyeandika "amepungua, kope limepauka, nimempa dawa, nimehamisha kamba" huyo amefuga. Hata kondoo akifa, alama za daftari zisife naye ikiwa kila hatua imeandikwa na chanzo cha kifo kimetafutwa.

Usiutwae mradi. Mwalimu anayemwagiza mfanyakazi wa shule amlishe kondoo wa mwanafunzi atapata mnyama mzuri na daftari tupu. Zamu za wikendi na likizo zipangwe mapema, mzazi akiwepo, na pawe na maandishi ya nani anauza, lini, na fedha zinakwenda wapi. Karo ikichelewa, kondoo ndiye wa kwanza kupelekwa sokoni.